Ruksa, Mbuzi Aliyelala Kwenye Pamba

Wenzangu mliokulia Kasoli miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, mnakumbuka pamba ilivyohamia sebuleni? Zamani ilivunwa ikaenda chama cha ushirika, basi. Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori, kila mmoja na bei yake, baba zetu wakajifunza kungoja aje mwenye bei nzuri. Sisi watoto hatukujua soko huria ni mdudu gani. Tulichojua ni kwamba kuna mlima mweupe ndani ya nyumba, unanukia jua na vumbi, na wazazi wakienda kanisani unarukiwa mpaka miguu inawasha.

Kwetu mlima ule ulikuwa na mwenyewe, mbuzi jike aliyeitwa Ruksa. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na mimi na dada yangu Kabula tukamlea kwa maziwa ya ng'ombe, kwenye chupa ya soda tuliyoifunga kipande cha mpira wa baiskeli. Baba ndiye aliyempa jina hilo, maana hakuna mlango uliomzuia. Alikula ugali wetu, madaftari yetu, na siku moja kofia ya katekista. Mbuzi wenzake wakipita, hata hakuinua kichwa. Swali lilikuwa linanisumbua sana: hivi huyu anajua kwamba ni mbuzi?

Basi siku lori liliposimama kwetu, mnunuzi alitumbukiza mkono kwenye pamba, akaunusa, akaufuta kwenye suruali. "Mzee, hii pamba au choo cha mbuzi?" Akapanda lori, akaondoka zake. Baba hakufoka, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu, "Siku ya mnada huyu anakwenda kwa muuza nyama. Mkimpata wa kumchukua kabla ya hapo, haya." Zilikuwa zimebaki siku nne. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Tulimtembeza mji kwa mji, kaya hadi kaya, bila kamba, yeye nyuma yetu. "Mwadila, mayu!" tulimsalimu kila mama kwa Kisukuma. "Tumewaletea mbuzi." Mama mmoja alifurahi kweli kweli, akamwita mwanawe alete kisu. Lo! Tulitimua mbio bila kuaga. Bibi mmoja alimpokea vizuri, akamfungia zizini na mbuzi wake. Tulipofika nyumbani tukiwa na macho mekundu, tukamkuta Ruksa kesha tutangulia, amelala juu ya pamba, anacheua.

Siku ya tatu akaja baba mdogo Masanja, mfugaji wa Bukundi. Wengine wengi walikuwa wametucheka, yeye hakucheka. Aliuliza, "Mkivuka maji, anawafuata?" Tukatazamana na Kabula. Maswali yote yale niliyokuwa nayo, na hilo sikuwahi kulijaribu!

Kesho yake asubuhi tukaenda mtoni. Mbuzi mnamjua, heri umchape kuliko umloweshe kwato. Niliingia majini mpaka magotini, nimekatazwa kugeuka nyuma. Nikasikia chubwi, chubwi, halafu pua ya baridi ikanigusa kiganja. Baba mdogo alipiga makofi. Kwao, alisema, mbuzi hugoma kuvuka mto kwenda malishoni, lakini akitangulia mmoja, kundi zima hufuata. Alikuwa anatafuta mbuzi wa namna hiyo tangu mwaka juzi. Akamfunga kwenye keria ya baiskeli, na Ruksa akaenda akitulilia njia nzima.

Likizo ya Desemba nilipelekwa Bukundi. Mvua zilikuwa zimeanza, mto una nguvu. Nikawaona wanavuka, mchunga mbele, Ruksa nyuma yake, kisha kundi lote na vitoto vyao. Nilishindwa kujizuia, nikamwita kwa sauti yote. Akasimama katikati ya maji, akageuza shingo. Kundi zima likasimama naye, na vitoto vikaanza kuyumbishwa na maji.

"Usimwite, mwanangu! Usimwite!" baba mdogo alipiga kelele.

Niliziba mdomo kwa mikono miwili, nikachuchumaa nyuma ya kichaka. Alinitafuta kwa macho, nikamwona kabisa. Kisha akageuka, akavuka. Ng'ambo akainamisha kichwa, akaanza kula majani katikati ya mbuzi wenzake, na jibu langu nikawa nimelipata.

Siku hizi sebule zetu huku Bariadi mjini zina makochi na televisheni. Wanangu wakitaka kujua jambo wanasugua simu, na mbuzi wanamfahamu kwenye supu. Siwalaumu, hakuna aliyewalaza na pamba. Lakini juzi nilipowasimulia haya, yule mdogo aliiweka simu chini. "Mama, si ungemwita akishavuka?"

Nilitaka kumwambia angerudi majini na kundi zima, nikajikuta nimeziba mdomo kwa mikono miwili.