Masinia Matupu ya Fungate

Nilioa nikiwa na nusu tumbo. Nusu nyingine daktari alikuwa ameikata kwa sababu ya vidonda, na siku ya kuniruhusu aliniambia, "Kuanzia leo kula kama mtoto. Kidogo kidogo, utafune mpaka kilainike, na maji usinywe pamoja na chakula." Nikacheka. Ilikuwa miaka ya foleni, ya unga wa njano na sukari ya mgawo. Nani alikuwa na chakula cha kuvimbiwa?

Lakini tumbo lile lilikuwa na maringo. Samaki wa kuchemsha lilimpokea, uji likaukubali. Nyama ilinikwama kifuani, wali mkavu ukanikaba, na nikila kitu kitamu moyo ulinienda mbio, jasho likanitoka mpaka nikalale.

Mchumba wangu wa Tongoni nilimweleza yote. Wazazi wake sikuwaeleza, maana mshenga wangu alinikataza. "Nani atampa binti yake mtu aliyepasuliwa?" Nami kwa woga nikanyamaza.

Sasa kwetu bwana harusi hukaa fungate ukweni siku saba, na kazi yake kubwa ni kula. Kungwi wa bibi harusi ndiye aletaye chakula na kuondoa vyombo. Sinia likirudi na chakula, nyumba nzima huulizana mkwe kachukizwa na nini. Siku ya kwanza asubuhi tuliletewa supu ya kuku, mayai na tambi za sukari. Adhuhuri, chini ya kawa, pilau. Pilau, miaka ile!

Nilikula matonge matatu. Mke wangu akalitazama sinia, akanitazama na mimi, akapandisha mikono ya gauni. "Sogea," akasema.

Mwanamke yule alikula! Sinia likarudi jeupe, na jioni likaja kubwa zaidi, kwa kuwa sinia tupu lilimwambia mama mkwe kwamba mkwe hajashiba. Tulicheka tukijiziba midomo kwa mto. Kadiri alivyomaliza, ndivyo walivyoongeza. Siku ya tatu maskini alishindwa hata kuinama.

Siku ya nne mchana nilitoka kwenda choo cha uani, nikapita jikoni. Mama mkwe alikuwa amekaa na wadogo wa mke wangu wakila muhogo wa kuchemsha kwa chumvi. Kando yao debe la mchele lilikuwa wazi, limebaki kidogo chini. Akajifunika uso kwa kanga. "Shikamoo, mama," nikasema, nikarudi ndani upesi.

Chumbani mke wangu aliniambia kwamba mchele ule uliwekwa akiba miezi mingi kwa ajili ya fungate yangu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kungwi alipoingia nikamsimulia kila kitu, kisu cha daktari na matonge matatu. "Kama hawamtaki mkwe wa namna hii, waniambie leo," nikasema. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Akatoka kwenda uani. Punde nikasikia kicheko cha mama mkwe.

"Matonge matatu? Na njaa hii? Alhamdulillahi! Wenzetu wanapata wakwe wa kumaliza ghala, sie Mungu katuletea wa kibakuli!"

Siku ile pilau ililiwa uani na kila mtu, na watoto wakagombania ukoko. Mimi nililetewa kibakuli cha samaki, changu wa kuchemsha kwa ndimu. Nilikimaliza mwenyewe, na raha niliyoipata sijaisahau.

Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, mchele ukajaa sokoni, na tumbo langu nalo likalegeza masharti. Mama mkwe hakulegeza. Kila nikienda kwake, kibakuli. Idi moja nikaomba sahani ya pilau. Nilitafuna taratibu mpaka wenzangu wakanawa, wakanywa kahawa, wakaanza kusinzia. Kisha nikaipeleka sahani jikoni, tupu.

Mama mkwe aliipokea, akaigeuza huku na huku, halafu akamtazama binti yake kwa jicho la shaka. Mke wangu akainua mikono yote miwili, mikavu, haina hata punje.

Kigelegele alichopiga mama yule kiliwaamsha wote waliokuwa wakisinzia.