Nilivyomlilia Bibi Naomi wa Lutindi

Hili nisipolisema litanipasua. Jumapili nilitoka Kwaluguru hadi Lutindi, kwenye iliyokuwa shule ya bweni ya Wakweka, dhehebu fulani la Kikristo. Marehemu bibi yangu alisoma pale, na hatujui kwao ni wapi. Aliyebaki pale wa kutueleza ni mwenzake wa bwenini, Bibi Naomi, ambaye tulisikia anaumwa.

Nikasukuma mlango wa ukumbi. Watu kama ishirini wamekaa kimya, macho chini. Nimechelewa!

Mimi Mwislamu, ibada ya Wakristo naijua kwa kwaya na spika. Kimya kile kwangu kilikuwa msiba tu.

"Inna lillahi," nikasema kwa sauti. Nikaona nisipojisogeza kwa wafiwa, habari za bibi yangu ndiyo basi tena. Nikaangua kilio.

"Bibi Naomi jamani! Amenilea kama mjukuu wake!"

Sijawahi hata kumwona.

Kikongwe wa mbele akageuka taratibu.

"Shikamoo, bibi. Pole na msiba."

"Marahaba. Hapa tunasali, mwanangu. Sisi husali kimya. Na Naomi ndiye mimi. Hebu nikumbushe, nilikulea wapi?"