Magugu Yalipoondoka na Rafiki Yangu

Jana, nikitoka Misungwi kumzika rafiki yangu, nilipita Kigongo, ufukweni mwa ziwa. Magugu maji yalikuwa yamerundikana, yananuka majani mabichi yaliyoanza kuoza. Nikasimama kuyatazama.

Mimi na yeye tulikuwa watoto, tunaosha vyombo palepale. Sufuria ya mama yake ikaelea hadi katikati ya magugu, yaliyoshikamana kama uwanja wa mpira.

"Mimi mwepesi, yatanibeba," akasema, akapanda juu yake akicheka.

Upepo ukageuka. Magugu yote yakaachana na nchi kavu yakaenda naye, maji yanamfika magotini.

Mvuvi mmoja akakimbilia mtumbwi wake. "We binti, lala kifudifudi! Usisimame!" Kisha akanigeukia. "Na wewe mwongeleshe. Akiingiwa na hofu atasimama, na akisimama anazama."

Nimwongeleshe nini? Kati yetu wawili msemaji alikuwa yeye. Mimi nilizoea kuitikia tu. Nikapaza sauti, nikamweleza mbuzi wetu alivyozaa, uji ulivyoungua, bibi anavyokoroma. Kila nilipokaa kimya kumeza mate, nilimwona anajiinua. Nikaanza upya. Baadaye akaacha hata kunijibu, nami sikuthubutu kunyamaza.

Mtumbwi ulimrudisha akitetemeka, sufuria kaikumbatia, majani yamejaa kwenye nywele. Akanitazama muda mrefu.

"Kumbe unajua kuongea! Haya, endelea basi, nakusikiliza."

Nikafungua mdomo. Sauti ikagoma kutoka.