Kiti cha Plastiki

Wakili ninayemchapia kazi hapa Thika huwatetea waajiri, vyuo na viwanda, na kila anayepanda ngazi zetu huwa ameshaamua kumfuta mtu kazi. Wakili humwacha afoke. Vidole vyake virefu vinamenya njugu, anapuliza yale maganda mekundu pembeni, na mteja akipandisha sauti yeye anashusha yake, mpaka mteja analazimika kuinama ndiyo amsikie. Swali lake huwa ni lile lile: "Mlimsikiliza?"

Juzi Mwau, mkuu wa chuo fulani cha kibinafsi huko Ruiru, alijibu kwamba hakuna haja, mhadhiri Aoko ni mkorofi na kila mtu anajua. Wakili akapangusa mikono, akamwomba ahamie kile kiti cha plastiki karibu na mlango. Nikaacha kuchapa.

"Bwana Mwau," wakili akasema, "tumeamua kukufuta kazi. Wewe ni mkorofi na kila mtu anajua."

Mwau akacheka. Wakili hakucheka.

"Aii, nani amesema hivyo?"

"Kila mtu."

"Hapana, ngoja kwanza. Nipewe nafasi nijieleze. Na nije na mwenzangu, msinionee." Jasho lilikuwa limemtoka.

Wakili akamsogezea njugu. "Basi mpe Aoko nafasi hiyo, na aje na mwenzake."

Mwau akakubali, akachukua koti lake. Alipofika mlangoni aligeuka, akauliza polepole kama yeye bado ana kazi.

"Tutakujulisha," wakili akasema, akamenya njugu nyingine.