Vibarua wa Kibanja cha Mama

Mama hakuruhusu mtu yeyote amwage maji ya moto juu ya sisimizi. Kibanja chetu cha migomba, kule Nyabiyonza, kilijaa wale weusi wadogo wanaokaa chini ya maganda makavu. Ukienda kukata mkungu wanakupanda mpaka kwapani. Nikilalamika, Mama anacheka. "Waache, ni vibarua wangu hao. Chakula wanajitafutia."

Chakula chao kilikuwa mayai ya fukusi, mdudu ambaye watoto wake hutoboa mgomba kule chini udongoni mpaka unaanguka na mkungu mchanga. Jioni Mama alilaza chini vipande vya mgomba uliokwisha kuvunwa, asubuhi akaokota fukusi waliojificha humo na kuwaua. Waliomponyoka aliwaachia sisimizi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini fukusi walizidi. Mgomba mmoja chini leo, miwili keshokutwa. Baba alikwisha kufa, na Mama hakuwa na kitu kingine duniani ila kibanja kile. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mjuaji kupindukia! Nikapata kwa jirani unga wa dawa ya wadudu. Mama akakataa katakata. Jumapili nikasingizia tumbo, yeye akaenda kanisani, nami nikanyunyiza kila shina.

Aliporudi, sisimizi walikuwa wametapakaa chini kama majani ya chai yaliyomwagika. Nikamwonyesha fukusi waliokufa, najigamba.

"Umewamaliza wote," akasema. Mpumbavu mimi, nikadhani ananisifu.

Msimu uliofuata fukusi walirudi. Sisimizi hawakurudi. Nikanyunyiza tena, na safari hii fukusi hata hawakushtuka. Jamani, nilitamani anichape! Hakunichapa. Aliendelea kulaza vipande vyake na kuokota peke yake, mgongo ukiuma, mwaka baada ya mwaka, na migomba ikaendelea kuanguka. Mwishowe tulipanda mihogo.

Alifariki miaka ya tisini, tukamzika humo humo kibanjani. Kwetu kaburi hutandikwa majani mabichi ya mgomba kabla ya kuteremsha maiti. Majirani walisubiri watoto wake tuyalete. Nikachukua panga, nikazunguka kibanja chote mpaka mpakani, nikarudi mikono mitupu. Mama alitandikiwa majani ya kuomba kwa majirani.