Somoe na Askari Wake Wachache

Wenzangu mnaosimama hapa kusoma gazeti letu la ukutani, mimi bado sijakubali kwamba Somoe amefariki. Jana nilimwita twende kuchota maji, ndipo nikakumbuka.

Mlimfahamu kwa sahani yake. Sisi wote tulizunguka sinia moja la ugali, yeye akapakuliwa pembeni, na kijiko chake mwenyewe.

"Huyu anakula kizungu," Anastasia wa bweni letu alimtania alipofika shuleni.

"Shoga, wewe una jeshi zima," Somoe akajibu. "Mimi askari wangu ni wachache, na nusu yao wako likizo."

Ndivyo daktari alivyomweleza: katika damu mna chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na zake zilikuwa pungufu tangu utotoni. Kwa hiyo vidonda vya mdomo havikumwisha, na meno yalianza kulegea angali msichana.

Kila akimaliza kula alisukutua kwa maji ya chumvi. Akipata homa, matroni alimpeleka hospitali papo hapo akachomwe penisilini. Akirudi, anaulizia hesabu tulizofanya.

Likizo iliyopita homa ilimkuta kijijini kwao, Ziwani. Huku kwetu kila homa ni malaria, basi walimpa klorokwini wakangoja ishuke, kama ambavyo nyumba yoyote ingefanya. Walipomfikisha hospitali, maradhi yalikuwa yamekwisha kuenea mwilini.

Baada ya mazishi daktari aliomba mdogo wake, Zainabu, apimwe damu. Naye yuko vilevile. Niliogopa hata kumtazama mama yao usoni.

Wiki iliyopita Zainabu akashikwa na homa. Mama yao alinisimulia jinsi majirani walivyomshauri: "Mpe klorokwini kwanza, mama Somoe. Kesho utaona."

"Kesho nilishaiona," akawajibu. Akambeba mtoto mgongoni, akaomba nafasi kwenye lori la korosho linalokuja Mtwara.

Leo nimemkuta Zainabu wodini amekaa kitandani, homa imeshuka, anagombana na nesi aliyemkataza ming'oko, vile viazi vya porini vinavyouzwa barabarani. Daktari amemwambia mama kwamba binti huyu anaweza kukua, kusoma na kulea watoto wake, maadamu homa yake haingojewi na meno yake yanaangaliwa maisha yote.

Mama aliitikia kila neno, kisha akaomba aelezwe tena, asisahau.

Somoe, mdogo wako anapona. Usingizi wako uwe mtamu, shoga yangu.