Choo Chenye Maua Mlangoni

Kama kuna mtu anayejua kuharibu kitu kwa ufundi wa hali ya juu, basi ni mimi. Nimekuwa mwashi miaka thelathini na moja. Mke wangu husema hata nikipewa kijiko nitatafuta pa kupiga plasta.

Nilipoitwa kujenga vyoo vya wageni kwenye magofu, nilitangaza mtaa mzima. Wageni walikuwa wameongezeka, na waliobanwa walijificha nyuma ya kuta za miaka mia sita. Mhifadhi wa pale, dada mpole wa rika la binti yangu wa kwanza, alinionyesha kiwanja nje ya lango.

"Fundi, matofali yanakuja kesho. Mimi naenda mkutanoni, wiki mbili. Ndani ya lango usiguse kitu."

"Nenda kwa amani, mwanangu. Umemwachia kazi mtu mzima."

Matofali hayakuja. Siku ya tatu, mikono ikiniwasha, nikazurura ndani. Kando ya mlango mkubwa ulioporomoka tao lake, mawe yalikuwa yamelala kwenye majani. Mawe ya kuchongwa, mengine yana maua! Nikasema moyoni, watu hawa wamekalia mali. Tena yako chini. Kukatazwa kugusa, nilijieleza, ni kwa kilichosimama. Kila jiwe lilikuwa na namba ndogo nyeupe. Nikadhani kuna fundi aliyeyahesabu kabla yangu, nikamshukuru kimoyomoyo.

Nikaleta toroli.

Choo kilichotoka, hata sasa naona haya kusema, kilikuwa kizuri mno. Maua yalizunguka mlango. Wageni walikipiga picha kabla hawajafika kwenye magofu yenyewe. Bwana mmoja alivua kofia kabla ya kuingia. Mimi nilisimama kando, kifua mbele, nikijibu maswali ambayo sikuulizwa.

Mhifadhi aliporudi, alisimama mbele ya choo.

"Fundi, mawe haya umeyatoa wapi?"

"Hapo hapo tu. Yalikuwa yanakaa bure."

Hakufoka. Alianza kusoma namba. "Arobaini na saba. Kumi na mbili. Hii sitini umeiweka kichwa chini." Kisha akaketi kwenye kizingiti. "Miaka mitatu nimepima kila jiwe, lilikoangukia na lilivyolala. Tao lilikuwa lirudishwe mwaka huu."

Nikasema "Pole" moja tu, nikachukua patasi. Mimi, ambaye msibani huwa naombwa nifupishe!

Tulibomoa pamoja. Saruji yangu, ambayo siku zote naisifu kwa kushika, ilishika kama kupe. Niligonga kwa patasi ndogo, nikihema, lakini mawe matatu yenye maua yalisagika mikononi mwangu. Kila moja nilimpelekea vipande. Aliandika bila kuinua uso. Afadhali angenitukana.

Siku moja nikamuuliza, "Mbona hukunifukuza?"

"Saruji yako imefuta namba nyingi. Nani mwingine anajua ulikoyatoa?"

Basi nikawa mwanafunzi na mvi zangu. Alinifundisha kuchanganya chokaa na kuisubiri ikauke polepole, kwa kuwa saruji hufungia maji ndani ya kuta za kale mpaka zipasuke. Kila jiwe niliulizwa lilikuwa wapi, nami nilibabaika, tukalinganisha na picha zake. Matofali yalipofika, nilijenga vyoo vya kawaida palepale nje. Hakuna anayevipiga picha. Wenye shida huingia, wakatoka wamepata nafuu.

Tao lilisimama baada ya miezi minane, likiwa na mapengo matatu.

"Nitachonga mengine," nikasema. "Maua yale yale. Hakuna atakayejua."

"Hicho ndicho nisichokitaka. Mtu akitazama, ajue lipi la kale na lipi lako."

Nikachonga matatu matupu, bila hata jani. Wageni wakiuliza kwa nini hayana maua, mhifadhi huninyooshea kidole, akaenda zake. Nami hubaki naeleza, jasho likinitoka.